Asili ya Gari la Mazutu, na Asili ya Watu

(Mazungumzo ya redio juu ya amani, yaliyoandikwa kwa ajili ya vikundi vya wasikilizaji)

   Mimi ni fundi wa magari, mekanisie kama tunavyosema kwetu. Sikusoma mambo ya siasa. Nimeombwa kuwaeleza habari ya gari moja la zamani nililolitengeneza, na namna tulivyotafuta asili yake. Nakubali kwa sababu kazi ile ilinifundisha jambo ambalo sikulijua nilipofungua vise ya kwanza.

Mwaka 2004 niliitwa katika kijiji kimoja cha pwani ya Ziwa Tanganyika, kusini ya Uvira. Jina la kijiji sitalitaja, maana wenyeji wake bado wanaishi na wanasikiliza redio. Chini ya mwembe kulikuwa na Land Rover ndefu, haina pine, kuku wametaga ndani yake. Vita vya mwaka 1996 vilipofika, watu walikimbia. Wengine walivuka ziwa mpaka Kigoma, wengine walipanda mlimani. Vita vya pili vya mwaka 1998 vikawatawanya tena. Waliporudi walikuta nyumba zimebomolewa, lakini lile gari bado liko pale, maana hakuna mtu aliyeweza kulibeba.

Kwa nini walitaka litengenezwe? Zahanati ilikuwa mwendo wa siku nzima kwa miguu. Mwezi mmoja kabla sijafika, mama mmoja alifia njiani akiwa amebebwa juu ya kipoyi, na mtoto bado tumboni. Baada ya maziko watu wakasema: gari liko, tulifufue. Wote walikubali. Kisha mtu mmoja akauliza: gari ni la nani? Hapo ugomvi ukaanza.

Watu wa upande wa mwami walisema: gari hili Wabelgiji walimpa babu yetu katika miaka ya 1950, tunajua, tumeambiwa na wazazi. Watu wa upande wa ziwani walisema: hapana, baba zetu walilinunua ng'ambo kwa pesa za samaki wakavu na pamba. Ninyi mlipoondoka mlimani mlilikuta hapa. Neno hilo, "mlilikuta hapa", mnajua linavyochoma. Nyuma yake kuna neno lingine: ninyi ni wageni. Siku mbili baadaye vijana walikuwa wameshatoa mapanga. Katekista mmoja mzee ndiye aliyewasimamisha. Akasema: kabla hamjakatana, tuite fundi asiye wa upande wowote, akiulize chuma chenyewe. Ndivyo nilivyoitwa.

(Muziki mfupi)

Ndugu wasikilizaji, ili chuma kikujibu, lazima ujue historia yake. Basi nitawapa kidogo historia ya magari haya.

Sisi kwetu gari lolote la kupita matopeni tunaliita Jeep. Jina hilo lilitoka vitani. Katika Vita Kuu ya Pili, jeshi la Marekani lilitaka gari dogo, jepesi, linalovuta kwa magurudumu yote manne. Kuanzia mwaka 1941 viwanda vya Willys na Ford vilitengeneza zaidi ya 600,000. Vita vilipokwisha mwaka 1945, magari mengi yalibaki Ulaya, na raia wakayanunua kwa kazi zao.

Mmoja wa raia hao aliitwa Maurice Wilks. Alikuwa mkubwa wa mainjinia katika kiwanda cha Rover huko Uingereza, na alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, nchi ya Wales. Jeep yake ya kijeshi ilifanya kazi za shambani, ikavuta magogo na kubeba mizigo. Lakini ilikuwa imechakaa. Wilks akaona kiwanda chao kingeweza kutengeneza gari la namna hiyo kwa ajili ya wakulima. Mwaka 1947 walitengeneza la kujaribia, wakitumia shasi ya Jeep, na usukani wakauweka katikati kama wa trakta. Tarehe 30 Aprili 1948 gari lenyewe lilionyeshwa Amsterdam, katika maonyesho ya magari, na jina lake likawa Land Rover.

Angalieni jambo hili. Uingereza baada ya vita ilikuwa maskini. Chuma kiligawiwa kwa kipimo, na serikali ilikitoa kwanza kwa viwanda vilivyouza vitu nje. Lakini aluminiamu ilipatikana, maana vita vilivyoihitaji kwa ndege vilikuwa vimekwisha. Kwa hiyo shasi ikawa ya chuma, na mabati ya nje karibu yote yakawa ya aluminiamu. Hata kiwanda chenyewe, huko Solihull, kilijengwa wakati wa vita kwa ajili ya moteri za ndege. Ndiyo kusema gari la mkulima lilizaliwa katika mabaki ya vita: mfano wake kutoka kwa jeshi, kiwanda chake kutoka kwa jeshi. Walichukua kilichobaki, wakakipa kazi nyingine.

Land Rover za kwanza zilikunywa esanse. Moteri ya mazutu ilikuja mwaka 1957, ikiwa ndogo, ya lita mbili. Mwaka 1961 ikaja kubwa kidogo, ya lita 2.25, na hiyo ndiyo iliyoenea Afrika. Na Wabelgiji je? Ni kweli walikuwa na Land Rover zao. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kiwanda cha Minerva, cha Antwerpen, kilizitengeneza kwa ruhusa ya Rover kwa ajili ya jeshi la Ubelgiji. Lakini Minerva ilikuwa na mabati ya chuma, si aluminiamu. Mabawa yake ya mbele yaliteremka kwa mshazari, na moteri yake ilikuwa ya esanse.

Basi nilikuwa na maswali ya kuuliza gari.

(Muziki mfupi)

Siku ya kwanza niliomba watu wa pande zote mbili waje waone kwa macho yao. Sikutaka mtu aseme kesho kwamba fundi alipewa pesa.

Nilichukua sumaku ya spika ya redio mbovu, nikaiweka juu ya mlango. Ikaanguka. Nikaiweka juu ya bawa la mbele. Ikaanguka. Nikaiweka kwenye shasi, ikashika. Watoto wakacheka, wakataka kujaribu wenyewe, nikawaachia. Kwa hiyo halikuwa Minerva.

Nikafungua kifuniko cha moteri. Ilikuwa ya mazutu, ya lita 2.25. Moteri hiyo ilianza mwaka 1961, na nchi yetu ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Lakini moteri hubadilishwa, haitoshi kuwa ushahidi. Nikatafuta namba ya shasi. Katika magari hayo imegongwa kwenye chuma kinachoshika springi ya mbele, upande wa kuume. Ilifunikwa na kutu na grisi ngumu. Nikaisugua kwa brashi ya waya na mazutu karibu saa nzima, huku watu wamesimama kimya.

Tarakimu tatu za kwanza zilikuwa 277. Kwa mekanisie hilo ni jibu. Katika magari ya namna ile, yaliyotengenezwa kuanzia mwaka 1961, gari refu la moteri ya mazutu lilipewa namba kuanzia 276 mpaka 280. Namba 279 ni lenye usukani wa kushoto, la kuuzwa nchi za nje. Namba 277 ni la kuuzwa nchi za nje pia, lakini usukani uko kuume. Kongo tunaendesha upande wa kuume wa barabara na usukani wetu uko kushoto, na Burundi na Rwanda vilevile. Wanaotaka usukani wa kuume ni Tanzania, Kenya, Uganda na Zambia. Na kweli, nilipovua zulia la zamani upande wa kuume, nilikuta tundu la usukani limefungwa kwa bati. Usukani ulikuwa umehamishwa. Gari lile lilizaliwa baada ya uhuru, na lilitoka mashariki, ng'ambo ya ziwa.

Nilipolisema hilo, watu wa ziwani walipiga vigelegele. Vijana wa upande wa mwami wakaondoka bila kuaga. Nikaona nimefanya kosa. Nilikuwa nimekuja kuzima moto, kumbe nimemwaga esanse. Namba ilisema kweli, lakini kweli iliyotupwa kama jiwe huumiza kama uongo.

Usiku ule nilikwenda kwa mama mmoja mzee wa nyumba ya mwami. Nikamwambia, "Mama, sikuja kusema mlidanganya. Nataka kusikia mlivyosikia ninyi." Akanyamaza, kisha akasema: "Fundi, gari la Wabelgiji lilikuwapo. Nililipanda nikiwa msichana. Lilinuka esanse, na bati lake lilikuwa limeliwa na kutu. Liliungua wakati wa maasi ya mwaka 1964. Hili la chini ya mwembe lilikuja baadaye." Nikauliza, "Lilikujaje?" Akasema, "Waulize wale wa ziwani walipata wapi pesa za kumalizia."

Kesho yake katekista aliita baraza. Papa mmoja wa ziwani, mvuvi wa zamani, alisimama kwa taabu. Akasema ni kweli walilinunua wao ng'ambo, likavushwa kwa meli. Lakini pesa zilipungua, na mwami aliuza ng'ombe zake akawaongezea. Walipatana kwamba gari litabeba samaki na pamba siku za kazi, na wagonjwa wa pande zote siku yoyote. Papa alisema: "Sisi wazee tulijua. Vita vilipokuja tuliacha kusema, kwa sababu kila mmoja aliogopa kuonekana rafiki wa adui."

Ndugu wasikilizaji, hapo ndipo nilipoelewa. Hakuna upande uliosema uongo mtupu. Upande mmoja ulikumbuka gari la kwanza, mwingine ukakumbuka gari la pili. Wazazi walikufa, watoto wakakua makambini, na yale magari mawili yakashonwa yakawa moja. Kila mtu alikuwa na nusu ya habari na aliitetea kama nzima. Chuma peke yake kisingetuambia habari ya ng'ombe, na wazee peke yao wasingesema kama chuma kisingewaamsha.

(Muziki mfupi)

Kisha tukaanza kazi. Ilichukua miezi minne. Nitataja mambo matatu tu, kwa sababu yana funzo.

La kwanza ni kutu. Nje gari lilionekana zima, maana aluminiamu haishiki kutu nyekundu. Lakini shasi yake ni kama sanduku refu, ndani ni tupu. Matope yaliingia humo, yakakaa miaka, yakaila kutoka ndani. Ukigonga kwa nyundo, chuma kizuri kinalia kama kengele, kilichooza kinatoa sauti ya kifuu. Tuligonga kila mahali, tukakata kilichooza, tukaunga chuma kipya. Kuna mafundi wanaopaka rangi juu ya kutu. Gari linapendeza wakati wa sherehe, na siku ya mzigo linavunjika katikati. Mapatano mengi tuliyotia sahihi katika nchi yetu yalikuwa rangi juu ya kutu.

La pili ni vise. Land Rover ya wakati ule ilifungwa kwa vise za inchi, za Kiingereza. Madukani mwetu vise zilizojaa ni za milimita. Mbili zinaweza kufanana machoni. Vijana walitaka kulazimisha, nikawakataza, maana ukilazimisha, unaharibu meno ya ndani, na hapo hata vise iliyo sawa haitashika tena. Ndiyo sababu tulihitaji kujua asili ya gari, ili tujue kinachoingia humo, tusiliharibu. Papa yule wa ziwani alituma ujumbe kwa jamaa zake Kigoma, na vise za inchi zikaja ndani ya kopo la maziwa.

La tatu ni buji za moto. Moteri ya mazutu haina cheche. Hewa inabanwa mpaka inakuwa moto, na mazutu inawaka yenyewe. Lakini asubuhi moteri ikiwa baridi inahitaji buji nne za kupasha. Katika moteri ile ya zamani umeme unapita buji ya kwanza, kisha ya pili, ya tatu, ya nne. Moja ikiungua, njia imekatika, na zote nne hazipati moto. Unaweza kuwa na tatu nzima kabisa, na gari lisiwake. Nilitengeneza kipimo kwa waya na taa ndogo, nikawaonyesha vijana. Mmoja wa upande wa mwami akasema, "Ndiyo sisi hawa." Sikuhitaji kuongeza neno. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Siku lilipowaka lilitoa moshi mweupe mwingi, mama wakakimbia na watoto, kisha likatulia likaanza kugonga ile sauti yake. Watu wa mwami walikuwa wametoa mbao za nyuma, watu wa ziwani mazutu ya kwanza. Lilibeba wagonjwa miaka saba. Siwezi kusema ugomvi wote ulikwisha. Kuna nyumba mbili ambazo hazikusalimiana mpaka nilipoondoka. Lakini wagonjwa wao walipanda gari moja.

(Muziki mfupi)

Sasa nina neno kwa viongozi, na nawaomba mnivumilie.

Gari lina namba kwenye shasi. Kiwanda kiliiandika, na haibadiliki. Mtu hana namba ya namna hiyo. Katika Kivu tumefanya kama vile anayo. Sheria ya mwaka 1972 ilisema watu wenye asili ya Rwanda na Burundi waliokuwa wamekaa Kivu kabla ya 1960 ni raia. Sheria ya mwaka 1981 ikaondoa neno hilo. Mtu alilala raia, akaamka hajui ni nani. Na majirani zake, waliohofia ardhi yao na viti vya baba zao, nao hawakupata jibu la haki, walipata hofu nyingine. Mwaka 2004 ilitoka sheria nyingine, inayotambua kuwa raia kila mtu wa makabila ambayo watu wake na nchi yake walikuwa sehemu ya Kongo wakati wa uhuru. Katikati ya sheria hizo, ndugu zangu, kuna makaburi ya watu wa kila upande.

Mimi sikuja kuhukumu kesi hiyo. Nasema tu ninavyojua kwa kazi yangu. Unaweza kutafuta asili ya kitu ili ukitengeneze, na unaweza kuitafuta ili ukitupe. Mtu akisimama barazani akauliza, "Hawa walitoka wapi?", ninyi viongozi mwulizeni kwanza: "Unataka kujua ili ufanye nini?" Jibu lake litawaonyesha kama analeta spana au panga.

Na ninyi mliohama makwenu, msifikiri mmekuwa kama gari chini ya mwembe, la kutaga kuku. Wazee wa pwani yetu wanaijua meli Liemba. Wajerumani waliileta kwa vipande mpaka Kigoma, ikatumika kama meli ya vita. Mwaka 1916 waliizamisha wenyewe, lakini kabla ya kuizamisha walipaka moteri zake grisi nene. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua, na mwaka 1927 ikaanza kubeba abiria. Miaka sabini baadaye, mwaka 1997, meli hiyohiyo ilirudisha wakimbizi zaidi ya 75,000 kutoka Kigoma mpaka Uvira. Labda wengine wenu mlikuwa ndani yake. Grisi ile ndiyo iliyookoa moteri. Basi mkiwa kambini, pakeni grisi: wafundisheni watoto majina ya majirani wema wa upande wa pili, waambieni nani aliuza ng'ombe kwa ajili ya nani. Mkinyamaza, watakumbuka nusu tu.

 Tubaki na amani.

Maswali ya kuzungumzia katika vikundi

1. Katika kijiji chenu kuna kitu gani ambacho pande mbili zinasema ni chao? Wazee gani wanajua habari yake nzima, na kwa nini hawajaisema?

2. Fundi alisema kweli hadharani, ikaleta hasira. Angefanya nini kwanza?

3. Tajeni mapatano moja mliyoyaona yakipakwa rangi juu ya kutu. Kutu ilikuwa nini?

4. Kila mtu aseme jina la jirani wa upande mwingine aliyemsaidia wakati wa kukimbia au wa kurudi.